Mbuzi Mlangoni kwa Chui

Jumatano, 7 Mei 1975

Uji, nusu kikombe. Miguu bado imevimba. Nikibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Binti yangu Chanda ameniwekea mto chini ya visigino kama kila asubuhi, kisha amekwenda sokoni.

Radio saa sita mchana. Waingereza watapiga kura mwezi ujao: wabaki katika soko la pamoja la Ulaya au watoke. Waliingia juzi tu. Wakuu wa nchi zilizokuwa za himaya yao walikuwa wanakutana Jamaika. Nilitegemea waseme: tokeni, rudini kwetu. Wamesema: bakini. Ndugu wa mbali wanawaambia wakae na majirani.

Neno hilo limenikaa rohoni mchana kutwa. Linanihusu nini, mzee wa Likasi, Zaire, ambaye hajapata kuiona bahari?

Najua linanihusu nini. Nitaliandika nikipata nguvu.

Madaftari yangu yote ya zamani ni ya Kiingereza. Hili ni la Kiswahili. Kwa Kiingereza nimezoea kujipamba.

Jumapili, 11 Mei

Daktari alisema moyo umechoka. Hakutaja muda, nami sikuuliza. Chanda alikuwa amesimama nyuma yangu, akasikia.

Leo baada ya misa ameniuliza, akiosha vyombo, bila kugeuka: "Tata, ile siku ikifika, nitaita nani?"

Nimemwambia mpwa wangu atakuja kutoka Kitwe, Zambia. Kwetu mpwa ndiye mrithi. Ndiye anayemzika mjomba na kulibeba jina lake.

"Sawa vile alikuyaka kwa Mama?"

Akaendelea kuosha. Mpwa hakuja kumzika mke wangu, mama yake Chanda.

Niseme mambo yalivyo. Hapa Panda, mtaa wetu, mtu hafi peke yake, akiwa ndani ya chama cha mazishi. Wanawake wanakuja na kuni na sufuria, wanaume wanachimba, wanabeba, wanalala nje penye moto mpaka kilio kiishe. Serikali haipendi vyama siku hizi, isipokuwa kile chake. Hiki wanakiacha, wafu hawasumbui mtu. Wamo Wasanga, Waluba, Wabemba, wamo Waislamu wa Maniema. Mtaa mzima umo. Mimi simo. Nyumba inaingia chamani kupitia mwenye nyumba, kwa hiyo na Chanda hayumo. Ni mjane, hana mtoto, anashona nguo za watu. Nikifa leo, atakaa na maiti yangu peke yake na cherehani.

Jirani wa ukuta mmoja, Bwana Ramazani, anaendesha lori mpaka Kitwe. Nimemtuma ujumbe kwa mdomo: mpwa aje, au aseme lini atakuja.

Ijumaa, 16 Mei

Umeme umekatika tangu jana. Wanasema ni laini ya bwawa la Mwadingusha. Radio yangu ni ya betri.

Wabishi wawili wa London. Mmoja anahesabu bei ya sukari, mwingine anasema siagi ya New Zealand itakuwaje, wale ni damu yetu, walikufa nasi vitani. Saa nzima siagi. Chini ya siagi kuna kitu kingine. Mtu ambaye nyumba yake ilikuwa na vyumba mia hawezi kukaa kwenye benchi na majirani bila kuangalia kama benchi ni safi.

Zamani, ofisini kwa Kampuni ya shaba, karani mkuu Mbelgiji aliniambia jambo. Tulikuwa tunakunywa kahawa, yeye kwenye kiti, mimi nimesimama. Alisema: sisi Wabelgiji tulikaliwa na Wajerumani mara mbili. Nchi yetu ni ndogo, tukifunga dirisha tunakosa hewa. Waingereza hawajakaliwa na mtu. Wana bahari, na wana ninyi.

Mimi niliyekulia upande wa Waingereza nilifurahi aliposema "na wana ninyi". Nilirudi kwenye meza yangu nimenyoosha mgongo. Yeye pia alikuwa na sisi, koloni kubwa kuliko nchi yake mara nyingi, lakini hakusahau nani anaishi mlango wa pili. Sikuliona hilo wakati ule. Niliona tu kwamba mimi ni mali ya nyumba kubwa zaidi.

Jumapili, 18 Mei

Pentekoste. Sikwenda. Pumzi fupi. Chanda amekwenda peke yake, amerudi peke yake.

Jumamosi, 24 Mei

Tarehe hii. Nimeamka nayo kichwani kabla ya macho.

Shuleni ilikuwa Sikukuu ya Himaya. Ng'ambo ya mto Luapula, kwetu, upande wa Waingereza, misheni, nilikopelekwa nikiwa na miaka sita. Tulipiga gwaride na kaptula nyeupe. Tulipewa mkate mtamu na chai yenye sukari. Ukutani ramani, na nchi zetu zote nyekundu. Mwalimu alipitisha fimbo: Kanada, Australia, Bara Hindi, Rodezia ya Kaskazini. Hawa wote ni ndugu zenu. Kisha fimbo ikavuka Luapula ikafika huku, Kongo. Hawa ni wa Wabelgiji. Hawa ni wageni.

Luapula penye kivuko chetu, mtu akiita ng'ambo hii anasikika ng'ambo ile. Shangazi yangu alikuwa ameolewa huku, upande wa Kongo. Alituletea samaki. Nilikuwa mtoto mwenye akili, wote walisema hivyo, na nikaelewa somo: mtu wa Kanada ni ndugu, shangazi ni mgeni.

Nilipokuja Panda kutafuta kazi, Kampuni ilihitaji mtu wa kusoma Kiingereza. Shaba ilikuwa inateremka kusini kwa reli ya Waingereza mpaka baharini, na karatasi zake zilirudi kwa Kiingereza. Wakanipa meza. Nikanunua kofia na mwavuli. Mtaani wakaniita Mungereza. Walikuwa wananicheka, mimi niliona wananiheshimu.

Nilimwoa Bwalya wa Kasenga, nikazaa hapa, nikastaafu hapa. Miaka yote nikasema "kwetu", nikimaanisha ng'ambo. Na ng'ambo nayo imebadilika. Bendera ile ilishushwa. Mpwa wangu ni raia wa Zambia, ana picha ya rais wake ukutani. Mimi nilibaki raia wa ramani iliyoondolewa.

Nadhani Waingereza nao ni hivyo. Somo lile hawakutudanganya sisi tu. Waliliamini wenyewe. Mfaransa aliye karibu nao, ambaye siku ya hewa safi wanaiona pwani yake, ndiye mgeni. Anayeishi safari ya wiki sita kwa meli ndiye ndugu. Halafu ndugu mmoja mmoja akachukua bendera yake akaenda. Wakageuka kumbishia hodi jirani, bado wamevaa kofia.

Nimechoka.

Jumanne, 27 Mei

Ramazani amerudi. Ameingia bila kupangusa vumbi, amekaa kwenye ukingo wa kitanda. Nikajua.

"Papa, minye nitasema vile alisema. Nisiongeze, nisipunguze."

"Sema."

"Alisema, mujomba alikaa kule myaka arobaini na kitu. Mupaka ni karatasi, ni polisi, ni siku mbili. Kama anakufwa, batu ya pale njo batamuzika. Abakie na jirani zake. Alisema vile." Ramazani akajikuna shingo. "Alikutumia na sukari."

Kilo mbili, mfuko wa karatasi. Chanda ameichukua, akaiweka rafuni, akarudi kwenye cherehani. Ningependa aseme neno.

Mpwa hana kosa. Nimekaa na maneno yake na naona ndiyo yaleyale ya Jamaika. Mwezi wa pili Zaire na Zambia zilitia sahihi mkataba mmoja na soko la Ulaya, kule Lome. Nchi zangu mbili zimeingia pamoja kwenye karatasi moja, na mimi sina mlango hata mmoja.

Naogopa. Siogopi kufa. Naogopa jinsi Chanda atakavyosimama siku ile.

Jumatano, 28 Mei

Leo nitaandika lile.

Mwishoni mwa mwaka 1967, mwaka Kampuni ilipochukuliwa na serikali, Bwalya alinisihi niingie chamani. Nakumbuka kipindi kwa sababu radio ilitangaza jenerali Mfaransa amewakataa Waingereza sokoni kwa mara ya pili. Nilicheka siku hiyo. Nilisema hawajui wanamkataa nani. Kisha nikavaa kofia nikaenda mkutanoni, nyuma ya kanisa.

Mwenyekiti alikuwa, na bado ni, Mumba. Alifanya kazi kwenye matanuri, mtu mnene, mwenye sauti. Nilisema ombi langu kwa Kifaransa safi. Alinitazama toka kofia mpaka viatu. Akasema: "Non. Tangu lini mbuzi anajileta yeye peke kwa chui? Rudia kwa Malkia wako, akakuzike."

Wote wakacheka. Wanawake pia. Nikageuka nikaondoka.

Mimi ni wa ukoo wa mbuzi. Mumba ni wa ukoo wa chui. Mtu yeyote wa pande zetu, ng'ambo hii na ng'ambo ile, anajua maana yake: ni watani. Chui ana ruhusa ya kumtukana mbuzi mbele za watu, na mbuzi ana ruhusa ya kumrudishia. Na mbuzi akifa, chui ndiye anayemchimbia kaburi. Hawezi kukataa, hata akitaka. Ile "non" haikuwa hapana ya kweli. Ilikuwa mlango, na ilinipasa niupige teke.

Bwalya aliniambia usiku uleule. "Ni utani, mume wangu. Wanakungoja urudi umtukane." Nikamjibu mimi si mtoto wa kuchezewa.

Kwa hiyo nilijua. Hilo ndilo nililokuwa nalificha hata kwenye madaftari ya Kiingereza. Niliandika kwamba nilifedheheshwa. Misheni haikunifundisha kutukanwa na kucheka, ni kweli. Lakini mke wangu alinifundisha usiku ule, nikakataa kujifunza. Kuwa aliyekataliwa kulinipendeza. Kulinifanya mkubwa.

Na hayo si mabaya zaidi.

Bwalya alikufa mwaka 1970. Asubuhi wanawake wa chama walikuja. Hatukuwamo, na bado walikuja, kwa sababu yake. Mbele alikuwa Mama Mumba, mke wa mwenyekiti, mzigo wa kuni kichwani. Nilisimama langoni. Nikasema, kwa Kifaransa cha ofisini, kwamba familia inakuja: "La famille arrive." Nikafunga lango.

La famille haikuja. Tulingoja siku mbili. Chanda alikaa sakafuni na mama yake peke yake, hakuna wa kuipokea sauti yake ya kilio. Kaburini tulikuwa mimi, Chanda, padri na vibarua wawili wa manispaa. Vibarua walikuwa na haraka.

Nimeliandika. Mikono baridi. Lakini kifua hakijabana zaidi, nilidhani kitabana.

Jumapili, 1 Juni

Padri mpya amekuja nyumbani na komunyo. Kijana, mtu wa Kolwezi, kucha safi. Nikamwungamia yote, kutoka kofia mpaka lango.

Alisikiliza. Akanipa ondoleo. Kisha akavua stola ya shingoni, akaikunja, na akiwa ameishika mkononi akasema: "Mbele ya Mungu imekwisha, Tata. Lakini si Mungu uliyemfungia lango."

Nikasema siwezi kutembea mpaka kwa Mumba. Akasema jirani yako ana lori.

Padri huyu hatanenepa kwa kupendwa na waumini. Mimi nimempenda.

Jumanne, 3 Juni

Baridi ya asubuhi inaingia mifupani. Moshi wa nyasi kutoka upande wa Kakontwe. Kohozi lenye povu.

Nimemwambia Chanda ninakotaka kwenda. Halafu amepiga pasi shati langu jeupe, kola mara mbili. Nimemwambia kofia ibaki.

Alhamisi, 5 Juni

Leo Waingereza wanapiga kura. Na mimi nimepiga yangu.

Ramazani amenipandisha mbele ya lori, kati yake na Chanda. Nyuma simenti. Mwendo wa nyumba kumi na kitu. Alinishusha mlangoni kwa Mumba amenikumbatia kiunoni, kama mfuko mmoja wa ule mzigo wake. Watu wakatoka kutazama.

Mumba alikuwa uani anapasua kuni. Amekonda, sikutegemea. Aliniangalia, akaweka shoka chini, hakunisalimu. Alikuwa anangoja. Nikaona kwamba ananingojea mimi nianze, na kwamba alikuwa anangoja tangu mwaka ule.

Nikasema, kwa sauti niliyoweza: "Chui gani hii, imebaki mbavu tupu? Nimekuja kuangalia kama ungali na meno ya kunila."

Kisha Mumba akakaa chini kwenye magogo, akashika kichwa. Nilidhani nimemkosea. Alikuwa anacheka.

"Njo weye, mbuzi? Myaka yote ile. Minye nilisema non, na pombe ilikuwa ku meza. Kikombe yako ilikuwa pale. Tukangoya. Musa Kilolo njo alikunywa yako, akasema mbuzi amelala. Kila mukutano tuliacha kiti. Weye unapita na chapeau ku kichwa, hausalimie hata kuku."

"Nilikuwa mjinga."

"Ile tulijua. Citoyen Mbuzi." Citoyen, mwananchi, ndivyo serikali inavyotuamuru tuitane.

Kijana wa chama tawala alikuwa anapita njiani, beji kifuani. Mumba akapandisha sauti makusudi: "Na usiseme mubaya ya chui. Siku hizi chui iko na mwenyewe." Rais wetu anavaa kofia ya ngozi ya chui. Kijana akatazama, hakujua acheke au aandike jina, akaenda zake. Ramazani alijificha nyuma ya gurudumu kucheka.

Ilikuwa rahisi hivyo. Nimebeba jiwe karibu miaka minane, na lilikuwa la karatasi.

Lakini Mama Mumba alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, mikono yenye unga. Hakucheka. Nikamgeukia. Utani haukuwa kwake. Yeye ni wa ukoo mwingine. Nikasema niliyokuja kusema: Mama, siku ya Bwalya nilikufungia lango. Nilikosa.

Alipangusa unga mikononi, kuku wakasogea miguuni pake.

"Bwalya alikuwa mwenzangu ya bomba ya mayi," alisema. "Kila asubui. Zile kuni nilirudia nazo hapa. Kuni ya kilio haipikie bugali. Nilizitula chini kule ku ukuta. Mvua ikazipiga. Muchwa ikazikula. Minye naangalia."

Akaingia ndani. Hakurudi.

Mumba alinyanyua mabega. "Kwangu ilishaisha. Kwa ule mama, minye sina nguvu. Chama njo banamuke, hapana banaume."

Nimerudi. Nimelala na viatu.

Ijumaa, 6 Juni

Radio jioni. Wamebaki. Theluthi mbili wamesema ndiyo. Mtangazaji anasema sasa suala limekwisha. Sauti yake haiamini. Mimi pia siamini. Watu hawa wamesema ndiyo kwa kichwa, na moyo bado unaangalia ile ramani. Wataingia kila mkutano wakihesabu walichoacha. Siwacheki. Kidonda cha kuwa mkubwa zamani hakifungi haraka. Nimekibeba bila kuwa na himaya yoyote, kwa kuazima tu.

Lakini wameketi. Mtu akiketi, hata kwa kununa, kesho anaombwa apitishe chumvi.

Wao wamejibiwa. Mimi bado. Chanda ametoka nje mara tatu kutazama barabara. Amejifanya anafuata kuku. Hatuna kuku.

Jumamosi, 7 Juni

Saa tisa mchana lango limegongwa. Limegongwa polepole, likanyamaza.

Chanda akakimbilia. Kutoka nje nikasikia sauti ya Mama Mumba: "Hapana weye, mwanangu. Yeye."

Nimetembea. Mkono mmoja ukutani, mwingine begani kwa Chanda, nikipumzika penye mpapai. Walingoja. Hakuna aliyeharakisha. Nimelifungua komeo mwenyewe.

Wanawake labda ishirini. Kuni kichwani, sufuria, mikeka. Mbele Mama Mumba.

"Tumekuya kwa kilio ya Bwalya," alisema.

"Karibuni."

Wakapita. Wakatandika mikeka sebuleni, wakamkalisha Chanda katikati. Mama Mumba alianza, sauti ya chini, akamwita Bwalya jina la utotoni ambalo mimi sikulijua. Wakampokea. Chanda alishika mdomo kwanza. Kisha akalia. Miaka mitano alikibana kilio ndani, na mimi niliita huko kujikaza. Nilikaa uani nikisikiliza, na niliona haya, na haya ile ilikuwa nzuri, kama maji ya moto miguuni.

Wanaume wakaja na pombe. Kisha Mumba akatoka chumbani kwangu. Amevaa kofia yangu, amefungua mwavuli, amebinua midomo. Akapita uani akirusha miguu, akisema kwa pua: "La famille arrive. La famille arrive, mesdames. Musinikanyange viatu." Akaangalia saa ambayo hana. Akampa mkono kuku wa jirani aliyepenya uani.

Ni mimi. Ni mimi kabisa, mpaka kikohozi.

Walicheka mpaka waliokuwa wanalia ndani wakatoka kuona. Nimecheka na mimi, nikakosa pumzi, Ramazani akanipiga mgongo. Mumba akaniinamia, uso chini ya kofia yangu: "Sikia, mbuzi. Minye njo nitakuchimbia. Nitachimba kifupi, ukunje magoti."

"Chimba vizuri, mvivu weye. Ulikuwa unalala hata kwenye matanuri."

Ni mara ya kwanza kusema "weye" kwa mtu wa hapa bila kujisahihisha.

Mama Mumba alipoondoka hakuniaga. Alimwambia Chanda: "Kuni imebakia ni yenu. Ile munaweza kupikia."

Jumapili, 8 Juni

Nimelala mpaka jua limefika kitandani. Miguu ileile. Moyo uleule, daktari hajakosea. Lakini kuna nafasi ndani.

Sina la kuongeza.

Jumatano, 11 Juni

Chanda amepokea kitambaa cha sare ya chama. Anashona. Anaimba chini kwa chini, anakosea maneno.

Jumamosi, 14 Juni

Sijala. Mumba amekuja kunitukana nusu saa, akaniacha na mhogo wa kuchoma. Nimeula wote.

Alhamisi, 19 Juni

Mzee amefariki nyumba ya nne kutoka kona. Sikumjua vizuri. Alfajiri mjumbe wa chama amepita akigonga milango, na safari hii amegonga na kwetu. Hakuuliza hali yangu. Alisema tu: kilio, vitu vinahitajika.

Siwezi kubeba, siwezi kuchimba. Nimetoa viti. Vyote vinne, na stuli ya cherehani. Chanda na Ramazani wamevipanga nyuma ya lori wakaenda.

Nyumba imebaki na mikeka tu. Nimekaa sakafuni, mgongo ukutani, penye jua. Huko konani naanza kusikia wanawake wakilia. Mmojawapo ni Chanda, naitambua sauti yake kati ya nyingine, kisha siitambui tena.